Volkswagen linanizimikia mlimani, na fundi ni shemeji yangu

Shikamoo Mzee wa Spana,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Mwaka juzi nilinunua Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, injini ya 1300, kwa daktari mstaafu wa mtaani kwetu ambaye macho yamemzuia kuendesha. Ni la kijani, viti vyake vizima, na kutu ni ya kawaida tu. Watu walinicheka kwamba nimenunua makumbusho, lakini kwa mwaka mzima lilinipeleka kazini na kunirudisha bila maneno, na mafuta linakula kidogo.

Baadaye klachi ikaanza kuteleza. Nikalipeleka gereji kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Si fundi mbaya, Noah na IST nyingi za mtaa wetu zimepita mikononi mwake. Aliteremsha injini, akabadilisha sahani ya klachi, na kweli klachi sasa ni laini. Ila tangu siku hiyo gari si lile. Nikienda kwa wazazi wangu Marangu, nikishaanza kupandisha kutoka Himo linaishiwa nguvu, linamisi, halafu linazima. Haliwaki mpaka nikae kando ya barabara muda mrefu likapoa. Taa ya oili inapepesa nikisimama likiwa la moto. Na asubuhi nikifungua mlango nakutana na harufu ya petroli.

Nilipomweleza, shemeji alisema magari haya yalitengenezwa kwa baridi ya Ujerumani, joto letu hayaliwezi. Wakati wa kufunga injini aliacha nje mabati fulani, akasema yanaziba hewa, bora injini ipumue. Kuna na kidude cha shaba chenye mikunjo kama kinanda cha kordiani kilichokuwa chini ya injini, nacho alikitoa. Akaniambia niendeshe kifuniko cha nyuma kikiwa wazi, akakiwekea kipande cha mti cha kukishikilia. Akaongeza taimingi ili lipate nguvu. Akanishauri mlimani nikae gia namba nne nisiipigishe injini kelele. Hakuna hata kimoja kilichosaidia. Sasa anataka tutoe injini yote aweke ya Subaru na rejeta mbele, kwa milioni nne.

Mume wangu anasema tuuze, biashara iishe. Mimi silitaki hilo. Lakini pia siwezi kumkwepa shemeji. Juzi nilisimama kwa fundi mwingine pale Majengo, kuuliza tu, na kabla sijafika nyumbani mama mkwe alishapiga simu kuuliza mbona nawapelekea watu wa nje kazi ya mwanawe.

Je, ni kweli gari hili haliwezi joto? Na nifanyeje bila kuvunja undugu?

Mwalimu wa gari la kijani, Moshi

*

Marahaba, binti yangu.

Kabla ya mlima, kabla ya shemeji, tumalize petroli. Usiliwashe gari hilo tena mpaka ujue harufu inatoka wapi. Nasema hivyo kwa sababu Beetle nyingi zilizoishia kuwa majivu ziliungua kwa mpira wa petroli wa bei ya soda.

Tangi liko mbele, chini ya boneti, na injini iko nyuma, kwa hiyo petroli inasafiri urefu wote wa gari. Fungua boneti asubuhi kabla ya kuwasha, unuse. Kama harufu ni kali hapo, mtuhumiwa ni mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, au gasketi ya geji ya mafuta juu ya tangi. Hizo huvuja zaidi tangi likiwa limejaa. Kama mbele hakuna kitu, nenda nyuma. Harufu ya nyuma nayo huingia ndani ya gari, maana hita ya Beetle inachukua hewa kutoka kwenye feni ya injini na kuipeleka miguuni kwako. Kinachomwagika kule nyuma utakivuta pumzi wewe mbele.

Mimi dau langu naliweka nyuma, kwa sababu injini ilishushwa. Injini ikishushwa, mpira wa petroli lazima ukatwe pale unapokutana na bomba la chuma, na ukirudishwa watu huweka kile kibomba cha plastiki kinachoona ndani, kinachouzwa kwa mita. Kikipata joto kinakuwa kigumu, kinapasuka, kinateleza. Nunua mpira halisi wa petroli wa kipenyo cha ndani cha milimita 5, ubadilishe wote, vipande vyote, na kila ncha iwe na klipu. Halafu shika kwa vidole kile kijibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, na wenzake wa kwenye pampu, ujaribu kuvizungusha. Vimepigiliwa tu, havina uzi, na kwa umri huu vingi vimelegea. Kikichomoka barabarani, petroli inamwagika juu ya distributa, ambako cheche ziko kazini. Kinachozunguka kirudishwe kwa fundi akikaze vizuri au mbadilishe pampu. Na kama kuna chujio la plastiki limening'inia hapo juu ya injini, litoke, likakae chini karibu na gia boksi.

Angalia pia tundu ambalo bomba la petroli linapitia kwenye bati la mbele ya injini. Panatakiwa pawe na pete ya mpira. Isipokuwepo, bati linalisaga bomba taratibu kila injini inapotetemeka.

Mtungi wa kuzimia moto ule ambao trafiki hukuuliza, uwe wa poda, uwe mzima, na uwe karibu na kiti chako. Maji usiyafikirie. Kizimba cha injini hiyo kimetengenezwa kwa aloi ya magnesi, na magnesi ikishashika moto maji yanaichochea.

Hapo sasa tuongee joto.

Alichokuambia shemeji kuhusu baridi ya Ujerumani nimekisikia gereji nyingi, na kinaniudhi kidogo. Volkswagen za aina hiyo zilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, mwaka 1957, na tena mwaka 1962, kwa vumbi na jua hili hili, na kwa barabara ambazo wewe leo ungekataa kupita hata na trekta. Na kiwanda cha mwisho kuzitengeneza kilikuwa Puebla, Meksiko, kikafunga hesabu Julai 2003. Zimeuzwa Brazili miaka na miaka. Gari hilo linalijua joto vizuri kuliko sisi.

Tatizo ni kwamba halina rejeta, kwa hiyo fundi aliyelelewa na Toyota anaona mabati na kudhani ni mapambo. Mabati yale ndiyo rejeta yake. Ona yanavyofanya kazi. Feni kubwa imo ndani ya kasha lililosimama juu ya injini, inazungushwa na shafti ya dainamo, na dainamo inazungushwa na mkanda. Feni inavuta hewa baridi inayoingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, inaisukuma kwa nguvu kwenye mapezi, yale mabapa ya chuma yanayotoa joto kwenye silinda na hedi, na ile hewa ikishapata moto inatokea chini, kwenye lami. Chini huko ndiko ziliko ekzosi na sailensa. Mabati, pamoja na ule mpira unaozunguka injini nzima, yanatenganisha dunia mbili: juu baridi, chini moto. Ukitoa bati moja, feni inanyonya hewa ya sailensa na kuirudishia silinda. Kadiri unavyokanyaga resi ndivyo inavyojipikia.

Yaliyoachwa nje nadhani nayajua, kwa sababu ili kushusha injini lazima yafunguliwe: bati la nyuma linalokaa juu ya sailensa, na lile dogo la nyuma ya puli. Yarudi yote mawili. Mpira wa kuzunguka injini, kama umekauka na kukatika, ununuliwe mpya. Hauna gharama ya kutisha. Kwenye kasha la feni, kulia na kushoto, kuna midomo miwili ambayo huvalishwa bomba laini la kupeleka hewa kwenye hita. Chungulia kama mabomba hayo yapo. Midomo ikiwa wazi, hewa iliyokusudiwa silinda inapotelea pale pale. Na uangalie waya za plagi. Za kwake zina pete za mpira zinazoziba matundu kwenye bati pale plagi zinapoingia. Mtu akiweka waya za gari lingine, anaacha matundu manne yanayopumua nje.

Kile kidude cha kordiani ni themostati. Kinavimba kikipata joto na kufungua visahani ndani ya kasha la feni. Kwa hali ya Moshi gari linaweza kwenda bila hicho, sharti visahani vyenyewe vikae wazi moja kwa moja. Shemeji alipokitoa, je, alivitazama visahani? Kama vimejifunga au kimoja kimedondoka ndani, hapo tu umeshapata nusu ya ugonjwa. Ningependa kirudi, ila kama kimeshauzwa kwa wa vyuma chakavu, vifungwe vikiwa wazi na usikose usingizi.

Kipande cha mti kitupe, na kifuniko kifungwe. Mabati yakiwa mahali pake hewa ya matundu ya juu inatosha.

Injini ikifunguliwa kwa kazi hii, mwambie shemeji anyanyue na kasha la feni, asafishe mapezi. Gari la daktari lililolala muda mrefu usishangae kukuta kiota cha panya mle ndani, kimekaa juu ya silinda kama kofia. Na hata kama panya hawakuingia, oili ikichanganyika na vumbi la miaka inaganda kati ya mapezi na hewa haipiti. Mswaki wa waya, mafuta ya taa kidogo, na subira.

Sasa hilo la gia namba nne. Sikulaumu, limetoka kwenye mdomo wa fundi, lakini kwa Beetle ni sumu. Feni inazunguka kadiri injini inavyozunguka. Ukipandisha Marangu kwa namba nne, injini inabeba mzigo mkubwa huku inazunguka polepole, feni nayo inazunguka polepole, na hewa inakuwa haba wakati ule ule inapohitajika zaidi. Shusha namba tatu mapema, kabla gari halijaanza kulalamika, na pale pa kusimama wima kabisa weka namba mbili. Acha ipige kelele. Ile kelele ndiyo hewa yenyewe.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, irudishwe. Kuisogeza mbele kunaleta ushapu kidogo mjini, kisha mlimani silinda zinachemka na pistoni zinagonga. Kwa injini za 1300 za miaka hiyo alama huwa nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, lakini distributa zilibadilishwabadilishwa sana katika miaka hii yote, kwa hiyo shemeji asome kwanza namba iliyochongwa kwenye distributa yako ndipo atafute kipimo chake. Hahitaji mashine. Balbu ya volti 12 yenye waya mbili, mmoja kwenye koili upande unaokwenda kwa pointi za ndani ya distributa, mwingine kwenye bodi. Swichi iwe imewashwa, puli izungushwe kwa mkono mpaka kwenye alama, na distributa igeuzwe polepole mpaka balbu iwake. Ikiwaka ndipo pointi zimefunguka. Kabla ya hapo pointi zenyewe zipimwe milimita 0.4, vinginevyo anapima hewa.

Kazi ninayokusihi uisimamie kwa macho yako mwenyewe ni tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye kila vali. Gari hili linataka tapeti zipimwe kila kilomita 5,000 hivi, na Toyota za siku hizi zimewasahaulisha mafundi kabisa. Ipimwe injini ikiwa baridi, namaanisha imelala usiku kucha, si imepoa tangu saa nne. Nafasi ni milimita 0.15 kwa vali zote, za kuingiza na za ekzosi. Unatoa kifuniko cha distributa, unazungusha puli mpaka rota ielekee kwenye mkato mdogo ulio kwenye ukingo wa distributa, na alama ya juu kabisa ya puli isimame sawa na mstari ambapo nusu mbili za kizimba zinakutana. Hapo ni silinda namba 1, ile ya kulia upande wa mbele ya gari. Lala chini, fyatua waya unaoshikilia kifuniko cha vali, na uwe na karai maana oili kidogo itamwagika. Pitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, kati ya skrubu na mguu wa vali. Inatakiwa ipite ikikwaruza kidogo tu, kama inasitasita. Ikigoma, legeza nati ya 13, geuza skrubu kwa bisibisi, kaza nati huku umeshikilia skrubu isigeuke, kisha upime tena, kwa sababu nati ikikazwa mara nyingi inahamisha kipimo.

Ukimaliza namba 1, zungusha puli kinyume cha saa nusu mzunguko, unafika namba 2. Nusu nyingine, 3. Nusu nyingine, 4. Hakuna gari lililorahisishwa hivyo.

Lakini hapo namba 3 simama. Ni ile ya kushoto upande wa mbele. Kwenye injini za umri wa yako, kipoza oili kimesimama ndani ya kasha la feni juu yake na kuizibia hewa, kwa hiyo ndiyo inayopata joto kuliko wenzake, na Volkswagen wenyewe walilijua hilo. Distributa zao nyingi za zamani zinaichelewesha cheche ya namba 3 kidogo kwa makusudi. Kama gari limeendeshwa bila mabati, madhara yataonekana hapo kwanza. Vali ya ekzosi ya namba 3 ukiikuta imebana, haina nafasi kabisa, iandike tarehe. Irekebishe, tembea kilomita mia chache, ipime tena. Ikiwa imebana tena, vali inarefuka. Vali inayorefuka hukatika kichwa, na kichwa kikidondokea juu ya pistoni ndipo injini inapokufa kifo cha kweli. Ukiona hivyo hedi itolewe, uache kubahatisha. Ikikaa kwenye kipimo chake, umeponea.

Vali isiyo na nafasi haifungi vizuri, mgandamizo unavuja, nguvu inapotea, na vali yenyewe inaungua kwa kuwa haipati muda wa kugusa kiti chake na kupoa. Ukisikia mtu anasema tapeti zinazobana ni nzuri kwa vile hazigongi, mshukuru, uondoke. Tapeti ya Beetle inayogonga kidogo asubuhi inakuambia nafasi ipo.

Oili ni lita 2.5 tu, na ndiyo inayosaidiana na hewa kupoza injini, kwa hiyo haina uvumilivu. Ibadilishwe nayo kila kilomita 5,000. SAE 30 ndiyo ya asili, 20W-50 ya madukani kwetu inafaa pia. Gari halina filta ya kufunga kwa mkono. Lina wavu tu chini, nyuma ya sahani yenye nati sita ndogo, na nati hizo mafundi wenye mikono mizito wamezikata kwa miaka 50. Zinakazwa kwa mkono mmoja, kwa spana fupi. Shemeji wewe mwangalie tu hapo.

Taa ya oili kupepesa gari likiwa la moto na limesimama, kisha kuzimika ukigusa resi, mara nyingi ni oili iliyolegea kwa joto. Itapungua mabati yakirudi. Ikiendelea kuwaka hata ukikanyaga resi, zima injini hapo hapo ulipo.

Taa nyekundu ya dainamo ina uzito ule ule. Kwenye Toyota ukiona taa ya chaji unajikokota mpaka nyumbani. Kwenye Beetle inaweza kumaanisha mkanda umekatika, na mkanda ukikatika feni imesimama, injini haina hata hewa moja. Weka mkanda wa akiba na spana ya 21 ndani ya gari. Kipimo cha mkanda ni dole gumba: ukiubonyeza katikati uzame kama sentimita moja na nusu. Hakuna pa kuvutia dainamo; mkanda ukilegea, unapunguza washa, zile pete bapa za chuma zilizo katikati ya puli ya dainamo, na kuziweka nje ya puli, chini ya nati, ili zisipotee.

Bado kuna lile la kuzima na kugoma mpaka lipoe. Huenda ukishafanya yote ya juu likaisha lenyewe. Lisipoisha, siku likizima usikae tu kando ukingoja. Ondoa kisafisha hewa, chungulia kwenye koo la kabureta, na uvute mkono wa resi mara moja. Ukiona mchirizi wa petroli unaruka ndani, mafuta yapo, shida ni moto: badilisha kondensa kwanza, kile kidude kidogo cha kwenye distributa, kwa sababu ni rahisi na hupenda kufa kwa joto, kisha koili. Koo likiwa kavu, petroli imechemka ndani ya pampu au bomba, kwa hiyo tazama bomba linapita karibu kiasi gani na chuma cha moto. Yeyote atakayekuwa anavuta sigara karibu yako wakati huo, mfukuze.

Na kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya jambo la dakika moja. Gari limezimwa, shika puli ya krenki kwa mikono miwili, ile kubwa ya chini, uisukume kuelekea mbele ya gari na kuivuta kwako. Injini isiyo na ugonjwa haitaonyesha kitu. Ukisikia tok-tok, puli inaingia na kutoka, bering za krenki zimekwisha, na kizimba chenyewe huenda kimeliwa. Hapo ushauri wangu wote unabadilika: usimwage hela kwenye tapeti na mpira, kusanya ya ovaholi.

Isipogonga, Subaru ya nini? Injini ya Subaru ni nzuri na inaingia humo, sikatai, wengi wamefanya. Lakini inataka rejeta mbele, mabomba ya maji kupita chini ya gari zima, feni ya umeme, waya mpya, na gia boksi iliyotengenezwa kwa nguvu ndogo ikabebeshwa mzigo mkubwa. Milioni nne itakuwa mwanzo wa hesabu. Utakuwa umetibu mabati mawili kwa kuhamisha moyo.

Kuhusu shemeji. Usimkimbie, na usimpelekee gazeti hili ukamwambia ona unavyosemwa. Nenda gereji siku ambayo hana wateja wengi, mkaribishe chai, umwambie unataka gari lirudishwe lilivyokuwa kwa daktari, kila kitu, hata visivyo na maana, kwa sababu wewe ndivyo unavyolipenda. Hapo humwambii amekosea. Muulize mabati yako wapi. Nina hakika yapo nyuma ya gereji, yameegemea ukuta au yamefunikia ndoo. Mlipe ufundi wa siku hizo bei kamili kama mteja wa nje. Kazi ya ndugu ya bure ndiyo inayozaa maneno, kwa mama mkwe na kwa kila mtu. Ukimlipa una haki ya kusimama pale na fila geji mkononi ukamwambia hii tuipime tena.

Kama hataki kabisa kugusa tapeti, mwombe yeye akupeleke kwa mzee mmoja wa Volkswagen, wapo bado Moshi na Arusha, wenye miaka sabini na kitu, wamekaa tu wanangoja kuulizwa. Akienda nawe ni yeye amekupeleka, hukumkwepa. Na atajifunza. Fundi wa IST anayejua Beetle atapata wateja kutoka mbali.

Mumeo mwambie asubiri mpaka silinda namba 3 isomwe mara ya pili. Gari likiuzwa sasa, bila mabati na lenye harufu ya petroli, mnunuzi atawapa bei ya chuma. Likiwa limetengemaa, kama bado mnataka kuliuza, kuna watu wanayatafuta magari haya kwa hamu, na wa kwanza anaweza kuwa daktari mwenyewe, kwa ajili ya mjukuu.

Kitu kimoja nilitaka kukisahau. Inua kiti cha nyuma, betri iko chini yake. Hakikisha imefunikwa juu. Spring za kiti zikigusa nguzo za betri siku umepakia wanafunzi watatu wazito nyuma, zinapiga shoti na sufi ya kiti inashika moto. Kipande cha mpira wa tairi kinatosha.

Mzee wa Spana